Runinga Isiyo na Bei

Nilisomea biashara. Huko mali huchakaa mwaka kwa mwaka mpaka kitabuni inabaki sufuri. Basi mama aliponiomba pesa ya kutengeneza ile Trinitron ndogo ya kubeba aliyoiacha baba, nilimwambia haina faida.

Akasema, "Kwani nimekuambia nauza?"

Nikaipeleka. Kabla ya kugusa chochote, fundi alitoa umeme uliobaki kwenye tyubu ya kioo, maana hata ikichomolewa inaweza kukurusha vibaya. (Usijaribu nyumbani, tafadhali.) Akabadilisha kapasita zilizokauka. Tyubu ilikuwa nzima, na hiyo ndiyo bahati, kwa sababu Sony, waliotoa Trinitron ya kwanza 1968, waliacha kitambo kuzitengeneza. Mtambo wa analogi ulizimwa 2015, kwa hivyo tuliiunganisha na king'amuzi. Rangi zikaja, nyekundu iliyoiva kabisa.

Kitabu hakikukosea. Kinauliza gharama ya kuinunua imebaki kiasi gani bila kugawanywa kwa miaka, na jibu ni sufuri. Mimi ndiye nililitumia jibu hilo kwa swali lingine. Na nikijichunguza, sikuwa nalinda pesa ya mama. Nilikuwa nalinda yangu.

Fundi nilimlipa mara mbili, nusu nusu.