Pikapu ya Mjomba na Swali la Kuvumilia

Mvua ikianza kunukia Zombe, watu hukimbia kuanua nguo na ndengu. Mjomba wangu hukimbilia boneti. Anaifungua, anamulika tochi kwenye distribyuta, anapangusa kofia yake kwa kitambaa kikavu, kisha anaivisha kipande cha tyubu kuukuu na kukifunga kwa raba. Zamani alitumia mfuko wa plastiki, lakini mifuko hiyo ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017 na mjomba si mtu wa kutafuta shida na serikali. Akimaliza anafunga boneti polepole, kama mtu anayefunga mlango wa chumba alimolala mtoto.

Gari lenyewe ni Peugeot 504, pikapu, lenye namba za zamani, zile zisizo na herufi mwishoni. Mimi nina miaka 26 na gari hilo ni kubwa kwangu kwa mbali.

Novemba 2023 nililipiga picha likiwa limejaa tope hadi kwenye vioo. Nikaiweka mtandaoni na maneno matamu chini yake: kwamba watu wa mashambani wanajua kutunza, na sisi wa mjini tunajua kutupa tu. Watu wakaipenda sana. Marafiki zangu wa Nairobi, ambao simu ikipasuka kioo wanatafuta nyingine, wakaandika "heshima" na "hawa ndio wazee wetu". Nikamwonyesha mjomba nikidhani atafurahi. Alisoma taratibu, akanirudishia simu.

"Ukinipea mpya leo," akasema, "hii nitafugia kuku."

Nilicheka. Lakini maneno hayo yalinikaa. Kwa sababu kama ni hivyo, mimi nilikuwa nimesifu nini hasa? Kuvumilia ni wema, hata kama huna njia nyingine? Ukimsifu mtu kwa kutengeneza kitu asichoweza kubadilisha, unamsifu yeye ama unausifu umaskini wake?

Kwa wasiojua kwetu: Zombe iko mashariki ya mji wa Kitui, na sehemu kubwa ya mwaka ni vumbi. Mito yetu ni ya mchanga. Kwa miezi mingi unavuka mto na viatu vyako vikavu, watu wanachimba maji kwenye mchanga, punda wamesimama na mitungi wakisubiri zamu. Mvua tunayoitegemea zaidi ni ya Oktoba hadi Desemba. Hiyo ndiyo ya ndengu, mbaazi na kunde. Na hiyohiyo ndiyo inayokata barabara. Maji yanaweza kukukuta mtoni huku jua linawaka juu ya kichwa chako, kwa sababu imenyesha mbali, vilimani, mahali usipopaona.

Kwa hivyo kuna elimu yake. Pikapu hii inasukumwa na magurudumu ya nyuma, kwa hivyo ikiwa tupu inateleza kama sabuni. Mjomba hutupia magunia mawili ya mchanga nyuma, juu ya ekseli. Kabla ya kuvuka maji anasimama, anakata kijiti, anaingia kwa miguu kupima kina. Kama ni sawa, anafungua fani belti, ili feni isije ikarusha maji juu ya plagi na waya. Anaingia kwa gia ya kwanza, mguu mmoja tu kwenye mafuta, hapunguzi, haongezi. Akitoka upande wa pili anakanyaga breki kidogokidogo huku anaenda, ili zikauke, kwa sababu breki iliyolowa haishiki. Na kanuni ambayo anairudia kila mara: gari likizima ndani ya maji, usiwashe. Maji yakiwa yameingia kwenye silinda, pistoni haiwezi kuyakandamiza kama inavyokandamiza hewa. Kitakachopinda ni chuma.

Nina binamu yuko Minnesota, Marekani. Nilipomweleza habari ya magunia ya mchanga alicheka sana. Huko nako, anasema, watu wenye pikapu za zamani huweka mifuko ya mchanga nyuma theluji ikianguka, kwa sababu ileile. Lakini magari yao hufa kifo tofauti. Barabarani kunamwagwa chumvi kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo inakula bodi kuanzia chini. Injini inaweza kuwa nzima na gari likaoza. Kwetu ukavu unaotumalizia mahindi ndio uliohifadhi bodi ya mjomba. Injini ndiyo inachoka.

Na si gari la kubahatisha. 504 ilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968, na pikapu yake ikafuata mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1975 Ove Andersson alishinda Safari Rally akiendesha 504, na mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas akarudia na 504 pia. Nyingi ziliunganishwa hapa kwetu, Mombasa. Zilipendwa kwa sababu fundi wa chini ya mti anaweza kuifungua yote kwa spana na kuifunga tena bila kompyuta yoyote. Leo sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari kuukuu lililozidi miaka 8. Pikapu ya mjomba imepita umri huo zaidi ya mara nne na bado inabeba mbuzi siku ya soko.

Mwaka wa mwisho nilipokuwa chuoni tulisomeshwa habari ya meli ya Theseus. Plutarch, Mgiriki wa kale, anasimulia jinsi watu wa Athens walivyoihifadhi: ubao ukioza, wanatoa, wanaweka mwingine. Wanafalsafa wakabishana, mbao zote zikiisha kubadilishwa, bado ni meli ileile? Nilimpelekea mjomba swali hilo. Yeye amebadilisha giaboksi, radieta, milango yote miwili, na springi sijui mara ngapi. Hii ni ileile?

"Angalia namba ya chesisi," akasema. "Kama inafanana na logibuku, ni ileile."

Hapo Kenya ikawa imewajibu Wagiriki. Lakini niligundua kwamba swali hilo halikuwa lake. Yeye hajali kama gari ni lile la zamani. Anajali kama litafika.

Sasa nieleze usiku wenyewe. Ni wiki ileile ya picha yangu, mvua za 2023 zile zilizoitwa El Niño. Saa tatu usiku mama mmoja jirani alikuja na mtoto wake wa miaka mitatu, joto kali, ameshadegedega mara moja nyumbani. Zahanati ya karibu ilikuwa imefungwa. Ilibidi twende Kitui. Mjomba akatoa gari bila neno, mama na mtoto mbele, mimi nyuma chini ya turubai.

Tulipofika mtoni maji yalikuwa yanapita. Si mengi ya kutisha, au hivyo ndivyo nilivyoona kwa mwanga wa taa. Mjomba akashuka na kijiti chake. Maji yakamfika juu ya magoti. Akarudi, akazima taa.

"Tunangoja."

Nilimwambia tumeshavuka maji ya namna hiyo. Nikamwambia mtoto anaungua. Nikasema na mengine ambayo siwezi kuandika hapa, kwa sababu huwezi kumwambia mjomba wako maneno kama hayo kisha ujiite mtu mzima. Mama yule hakusema chochote. Alikuwa anampangusa mtoto kwa leso aliyoilowesha. Mjomba akanisikiliza hadi nikamaliza.

"Hii gari ikizima, inawaka kwa kusukumwa kwa mteremko," akasema. "Mtoni hakuna mteremko."

Hakutaja Enziu, wala hakuhitaji. Tarehe 4 Desemba 2021, huko Mwingi, basi lililobeba watu waliokuwa wakienda harusini lilijaribu kuvuka mto Enziu uliofurika. Watu zaidi ya 30 walikufa. Kitui nzima iliona video. Watu walikuwa wamesimama ukingoni wakitazama, na basi linaingia.

Tulingoja hadi saa nane na kitu usiku. Maji ya mito yetu huja kwa haraka na huondoka kwa haraka pia, hiyo ndiyo huruma yake. Tukavuka. Mtoto alipona. Nasema hivyo wazi ili usisome ukitafuta msiba.

Lakini kupona kwake hakuthibitishi kitu, na hapo ndipo nimekwama tangu siku hiyo. Kama mtoto angefia pale ukingoni, mjomba angekuwa amekosea? Na kama angenisikiliza, tukavuka salama, mimi ningekuwa shujaa wa kijiji. Ningeandika na chapisho. Lakini ningekuwa nimecheza kamari na roho nne, moja yake haijui hata kusema hapana. Nadhani mjomba alikuwa sahihi kwa alichokijua usiku ule, na angebaki sahihi hata kama matokeo yangekuwa mabaya. Shida ni kwamba asingejisikia sahihi. Angeubeba ule usiku hadi kaburini, na mimi ningemsaidia kuubeba kwa kumlaumu.

Halafu kuna jambo la pili, ambalo nililijua nikiwa bado chini ya lile turubai. Kwa nini 504 iliyoshinda mashindano ilikuwa haiwezi kuwaka bila mteremko? Kwa sababu injini imechoka. Ringi za pistoni zimekwisha, inakunywa oili kama ng'ombe wa kiangazi, na stata ni ya kufa. Mwaka 2021 mjomba alikuwa ameweka pesa za kufungua injini yote. Mwaka huohuo karo yangu ilipungukiwa. Pesa zilikuja kwangu. Mwaka uliofuata mimi nikaacha chuo.

Sitaeleza hapa kwa nini niliacha. Sababu zipo, nyingine nzuri. Lakini nataka uione hesabu. Stata iliyokosekana mtoni usiku ule nilikuwa nimeila mimi, kwa mihula miwili, na sikuwa na hata cheti cha kuonyesha.

Wazee wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli. Lakini methali haisemi ufanye nini ukiwa na nyufa mbili na udongo wa ufa mmoja. Hilo ndilo swali la watu wengi ninaowajua. Hawakosi nidhamu ya kuziba. Wanachagua ufa upi uachwe wazi, na mara nyingi wanachagua kuziba mtoto wa dada. Kwa hivyo ukiona gari limechakaa, usiharakishe kusema mwenyewe hajali. Labda alijali kitu kingine, na gari ndilo lililolipa.

Na kuna ufa wa tatu, ambao si wa mjomba kabisa. Pale mtoni hapana daraja. Kila mvua inapokuja na sisi tukaweza, kwa vijiti na magunia na vipande vya tyubu, kuna mtu mahali fulani anayepaswa kutujengea daraja na anapumua mwaka mwingine. Ujanja wetu unamsaidia yeye. Hapa ndipo naona ubaya wa picha yangu. Kusifu uvumilivu bila kuuliza nani anafaidika nao ni kumpigia makofi mtu anayetoboka, kwa sababu anatoboka kwa adabu.

Basi nimerudi kwenye swali. Kuvumilia ni wema? Nadhani nilikuwa naangalia mahali pasipo. Kubaki na gari kuukuu si wema. Ni hali tu, mjomba mwenyewe ameshasema atalifugia kuku. Wema uko katika kulijua vizuri na kutomdanganya anayepanda. Mwenye gari jipya anaweza kuishi bila kujua mipaka ya gari lake. Mwenye 504 hana anasa hiyo. Lazima ajue kila asubuhi nini kinashika na nini hakishiki, na aseme hivyo mbele ya mama mwenye mtoto mgonjwa, na mbele ya mpwa anayejiona amesoma. Hilo hakulazimishwa na umaskini. Umaskini ulikuwa unamwambia avuke, kwa sababu ndio uliomfanya mama yule asiwe na gari lingine la kuita.

Ile picha bado iko. Nilibadilisha maneno chini yake. Nikaandika kwamba gari hili halina stata, kwamba tulingoja mtoni saa tano na mtoto mgonjwa, na kwamba pale panahitaji daraja. Walioipenda ni wachache sana. Sawa tu.

Siku hizi naandika kwa malipo, kidogo hapa kidogo pale. Stata tumeshabadilisha. Ringi bado, naweka pole pole, na malipo ya makala haya yameshapangiwa kazi. Nilipompigia mjomba kumwambia, akauliza nimeandika juu ya nini.

"Juu ya gari."

"Umewaambia inakunywa oili?"

"Nimewaambia."

"Haya," akasema. "Basi hata ukija, njoo na lita moja."