Mwamba haukumbuki mtu

Kuchimba kaburi Unyambwa si kazi ya jembe na beleshi peke yake. Kata hii ya Manispaa ya Singida imekaa juu ya mawe, kama ilivyo sehemu kubwa ya mkoa wetu, na vijana wakienda makaburini hubeba sururu, nyundo na mtarimbo. Futi chache za mwanzo ni udongo wa kichanga, unachimbika bila taabu. Baada ya hapo chuma huanza kulia, na msiba hugeuka kibarua.

Nilikuwa mmoja wa waliosimama pembeni ya shimo la namna hiyo, siku tuliyomzika mzee mmoja jirani. Mtarimbo ulipigwa mpaka cheche zikaruka, lakini kilichotoka kilikuwa unga tu. Kijana aliyekuwa shimoni akafuta jasho, akauliza kama kaburi lingeweza kusogezwa kidogo. Mzee mwenzake marehemu akamjibu bila kuinuka pale alipokaa: "Pigeni polepole tu, wajukuu zangu. Mwenyewe hakuwahi kuwa na haraka." Watu wakacheka, vijana wakapokezana, na alasiri ilipoingia kaburi lilikuwa tayari.

Wataalamu wa miamba wanatuambia kwamba mawe haya ya katikati ya Tanzania ni sehemu ya misingi ya kale kabisa ya bara la Afrika, na umri wake unazidi miaka bilioni 2.5. Wakati yanapoa na kuganda, duniani hapakuwa na mti, samaki wala mdudu. Uhai wote uliokuwapo ulikuwa wa vijidudu visivyoonekana kwa macho. Hata zile nyayo za Laetoli kule Ngorongoro, zilizoachwa na viumbe waliotembea kwa miguu miwili miaka milioni 3.6 iliyopita, mbele ya mwamba huo ni habari za jana jioni. Mzee tuliyemzika aliishi miaka themanini hivi, na kijijini tulisema amekula chumvi nyingi.

Kuna jambo jingine linalonishangaza zaidi ya umri. Chuma cha ule mtarimbo na chuma kilichomo katika damu ya kijana aliyeushika vina asili moja. Vyote viwili vilipikwa ndani ya nyota zilizokufa kabla jua letu halijawaka. Kwa hiyo padri na shehe wanapotukumbusha kaburini kwamba tumetoka udongoni na udongoni tutarudi, mwanasayansi hana ugomvi nao. Anachoongeza ni kwamba udongo wenyewe umetoka mbali sana.

Wako watu ambao wakisikia hesabu hizi hukata tamaa. Husema: kama ndivyo, mtu ni nini? Miaka themanini ni nini mbele ya bilioni? Swali hilo nililichukulia kwa uzito mpaka alipokuja mtani.

Wanaojua misiba ya kwetu wanajua kwamba mtani haji kuomboleza kama wengine. Huyu alikuja amevaa koti la marehemu, lile la kijivu lililochakaa viwikoni, na fimbo yake mkononi. Akapita katikati ya waombolezaji kwa mwendo ule ule wa marehemu: mguu wa kushoto unaburuza kidogo, kidevu kiko juu, mkono mmoja umewekwa mgongoni. Akasimama mbele ya mjane, akadai chai kwa sauti ya kukwaruza, na alipoletewa kikombe akanuna kwamba sukari ni ndogo. Mjane alicheka huku machozi yakimtoka. Kisha mtani akaenda kujilaza ukingoni mwa kaburi, akagoma: jeneza halishuki mpaka alipwe. Akapewa elfu mbili, akazikataa. Akaongezewa.

Hapo ndipo nilipopata jibu. Mwamba ule ulikuwapo siku zote za mzee yule. Utotoni alichungia mbuzi juu ya mawe kama hayo, na alipokuwa na mji wake aliyafanya uwanja wa kuanikia mtama. Mwamba haukubaki na chochote chake. Mtani alimjua kwa sehemu tu ya maisha yake, naye alibaki na mwendo, sauti na kikombe cha chai. Kudumu ni jambo moja na kukumbuka ni jambo jingine kabisa. Kilichodumu kuliko vyote pale makaburini ndicho kilichokuwa hakijui lolote.

Siku hizi, hata hivyo, tumeanza kuyakabidhi mawe kazi yetu. Kaburi linajengewa kwa saruji, linapigwa vigae, jina linachongwa na picha inabandikwa. Kundi la WhatsApp la msiba linafunguliwa, kamati inapanga bajeti kuanzia turubai mpaka mpiga video. Sina neno na hayo. Kila mtu amzike wake anavyoweza. Ila nimeona makaburi ya vigae ambayo wajukuu wa marehemu hawawezi kukutajia hata jambo moja alilolipenda. Cheti cha kifo nacho kina jina, tarehe na sababu. Hakina mwendo.

John Mbiti, mwanafalsafa na kasisi wa Kianglikana kutoka Kitui nchini Kenya, ambaye kwa miaka mingi alifundisha Makerere, aliligusa jambo hili katika kitabu chake African Religions and Philosophy cha mwaka 1969. Alieleza kwamba kwa Waafrika wengi aliyekufa haondoki mara moja. Maadamu yupo mtu hai aliyemjua kwa sura na kwa jina, marehemu bado yumo katika Sasa, na Mbiti alimhesabu kuwa mfu aliye hai. Anapokufa mtu wa mwisho aliyemjua, ndipo marehemu anapozama katika Zamani, mahali ambapo majina hayatajwi tena. Safari hiyo, kwa maelezo yake, huchukua vizazi vinne au vitano.

Wasomi wenzake walimbishia Mbiti, hasa pale aliposema kwamba Mwafrika wa jadi hakuwa na mawazo ya wakati ujao wa mbali. Hapo hata mimi simfuati. Nimewaona wazee wa miaka sabini na kitu wakipanda mti ambao kivuli chake wanajua hawatakikalia. Lakini kuhusu wafu, naona alisema kweli. Wewe mwenyewe jipime: jina la babu yako unalo. La babu wa babu yako je?

Wachache huvuka mpaka huo. Sisi wa Singida tunaye Liti, mwanamke wa Kinyaturu ambaye simulizi zinasema aliongoza watu wake kuwapinga Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, na kwamba nyuki walikuwa sehemu ya jeshi lake. Zaidi ya miaka mia moja baadaye jina lake limekaa kwenye uwanja wa mpira wa Singida mjini, na mashabiki hulitaja kila timu ya nyumbani inapocheza hapo. Lakini uwanja huo huo zamani ukiitwa Namfua. Simama getini siku ya mechi, waulize vijana waliovaa jezi jina hilo la mwanzo lilitoka wapi. Utajionea jinsi jina moja linavyoingia na jingine likatoka, hata mahali palipojengwa kwa zege.

Kusahaulika kwa namna hiyo ni hali ya dunia, wala sioni dhuluma ndani yake. Dhuluma ni pale mtu anaponyang'anywa nafasi ya kukumbukwa huku wanaomjua wangali hai. Mangi Meli wa Old Moshi alinyongwa na Wajerumani mwezi Machi 1900, na jamaa zake wamekitafuta kichwa chake, kinachoaminika kupelekwa Ujerumani, miaka nenda miaka rudi. Mwaka 2023 taasisi inayosimamia makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba imechunguza mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki enzi za ukoloni, na zaidi ya 200 kati yake yalihusishwa na Tanzania. Kwa machache, vipimo vya vinasaba viliwapata mpaka ndugu walio hai. Novemba mwaka huo Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea akaomba radhi kwa yaliyotendwa wakati wa vita vya Majimaji. Watu wale walikaa ughaibuni zaidi ya karne, wamewekwa kwenye makabati bila kaburi. Si wakati uliowasahau. Walinyimwa mtani.

Sasa inua macho. Mwezi Novemba, giza likishaingia na mvua za kwanza zikiwa bado zinanusa mlango, Unyambwa huoni taa nyingi za kukuzuia. Upande wa mashariki kinapanda Kilimia, vile vinyota vilivyosongamana ambavyo wakulima wa kale walivitazama kujua msimu. Nuru inayoingia jichoni mwako ilitoka huko miaka 440 hivi iliyopita, kabla Wareno hawajaanza kujenga Ngome ya Yesu kule Mombasa mwaka 1593. Kwa macho utahesabu nyota sita au saba; kwa darubini zinapita elfu moja. Hakuna hata moja inayojua kwamba inatangaza kilimo. Kazi hiyo tuliipa sisi, na siku tukiacha kulima kwa kuzitazama, zitaendelea kuwaka kama kawaida.

Ulimwengu huu una miaka ipatayo bilioni 13.8, na sehemu kubwa mno ya umri huo imepita bila shahidi. Nyota zilizaliwa zikafa bila yeyote kuzililia. Kwa kadiri tujuavyo mpaka leo, ni katika sayari hii tu ambapo mtu huvaa koti la aliyekufa na mjane akacheka. Anayeuliza mtu ni nini mbele ya bilioni, nadhani amelishika swali kwa upande usiofaa. Bilioni zote hizo hazikuwahi kumkosa mtu.

Ndiyo maana ukubwa wa ulimwengu haunitishi, unanipunguzia mzigo. Hakuna anayetudai tukumbukwe milele, maana hata miamba husagika ikawa mchanga. Wala hatudaiwi kuwakumbuka wafu wote wa dunia. Tunachodaiwa ni zamu yetu, yaani vile vizazi vinne au vitano ambavyo bado viko katika uwezo wa midomo yetu. Zamu hiyo ni fupi na inafanyika. Aibu ni kuikimbia, kisha kujificha nyuma ya vigae.

Na tuifanye kwa haki. Sisi tunaohesabu ukoo kwa upande wa baba tuna mazoea ya kutaja wanaume tu: fulani alimzaa fulani, naye akamzaa fulani. Wanawake waliowabeba mgongoni hao akina fulani wanazama mapema, vizazi viwili kabla ya wenzao. Mama wa bibi yako aliitwa nani? Alitoka kijiji gani? Kama hulijui jibu, kuna uwezekano mkubwa yupo shangazi au mama mkubwa mmoja tu katika ukoo wenu anayelijua, na umri wake umekwenda.

Msomaji wangu, kama kwenu bado yupo mtu aliyemwona mtu ambaye ninyi hamkumwona, mtafute wiki hii. Mpigie simu, au bora zaidi, nenda ukae naye. Usianze na tarehe, kwa sababu tarehe humtia mzee hofu ya kukosea. Muulize marehemu alitembeaje, alipenda kula nini, aligombana na nani na kwa jambo gani, alichekeshwa na nini. Andika kwenye daftari unayoyasikia, kisha wasomee watoto kwa sauti, nao wakikuuliza maswali usiwafukuze. Kazi hiyo haihitaji kamati wala michango, na hakuna atakayeifanya kwa niaba yako.