Kidonge cha Kila Jioni

Katika Kaunti ya Busia, kuanzia mji wa Busia hadi Malaba, ambako malaria haikauki, homa ya mtoto na weupe wa viganja vyake huhesabiwa mara moja kuwa malaria, na kwa hiyo lukemia, yaani saratani ya damu inayoufanya uboho ulio ndani ya mifupa uzalishe chembe nyeupe zisizokomaa, inaweza kuchelewa kutambuliwa hadi fizi zianze kuvuja damu. Aina inayowapata watoto zaidi, lukemia kali ya limfu, hutibiwa kwa miaka 2 hadi 3, na miezi ya kwanza, yenye dripu na sindano za uti wa mgongo katika hospitali ya rufaa kama ile ya Moi mjini Eldoret, humtenga mama na watoto wengine walioachiwa nyanya. Hata hivyo, kipindi kigumu zaidi huenda kikawa kinachofuata, mtoto akiwa amenawiri, nywele zimeota tena na majirani wanasema amepona, ilhali kidonge cha mekaptopurini hakina budi kumezwa kila jioni, kwa kuwa chembe zilizosalia zaweza kuwa chache mno kuonekana hata kwa hadubini. Familia inayokatiza matibabu hapo haistahili lawama kabisa, maana nauli imekwisha kumeza kuku, mbuzi na akiba ya chama. Shirika la Afya Duniani liliweka mwaka 2018 lengo la kuwaokoa angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani ifikapo 2030, na hesabu hiyo, kwa mtoto wa Malaba, haikamiliki bila nauli ya matatu ya kwenda Eldoret na kurudi.