Urithi si Ruhusa ya Kuharibu Ardhi



Mwenyezi Mungu amempa kila mrithi fungu lake, na hapana awezaye kumnyima. Lakini fungu ni haki katika mali. Si ruhusa ya kulikatakata shamba hata lisimfae yeyote. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamebainisha kuwa kitu ambacho kikigawanywa manufaa yake hupotea, kama kinu kidogo, mshirika hamlazimishi mwenziwe kukigawa.

Pengine mtu wa Mombasa atauliza: Kola, kule vilimani Machakos, yatuhusu nini? Yatuhusu, kwani ina mafunzo. Katika miaka ya 1930 mvua iliuchukua udongo wa nchi ile, na mwaka 1938 Serikali ya kikoloni ikawanyang'anya watu ng'ombe, ikidai ndio sababu. Wakamba waliandamana hadi Nairobi, na kiongozi wao Muindi Mbingu akahamishiwa Lamu. Baadaye wenyewe walishika kazi ya matuta. Na ingawa hata kufika 1990 watu walikuwa wameongezeka kiasi cha mara sita, mmomonyoko ulipungua. Basi wingi wa warithi si msiba. Msiba ni uzembe.

Na uzembe ni huu: babu ameacha tuta moja lililopita shamba zima, wajukuu wakagawana vipande virefu viteremkavyo mlima. Mmoja atunza tuta, mwenziwe aliacha libomoke. Njia ya kuingilia huwa mfereji, mfereji huwa korongo, na udongo wa wote huishia mtoni. Mtume (S.A.W.) alipohukumu baina ya wawili waliogombania maji, alimwamrisha wa juu anyweshe kisha amwachie jirani. Ikiwa maji ya manufaa yana hukumu, seuze maji ya madhara?

Sheria ya Kenya nayo, tangu 1967, yataka idhini ya bodi ya ardhi kabla ya kugawa shamba, na bodi hutazama kama mgawo utapunguza mazao. Tusiifanye idhini hiyo kuwa karatasi tupu.

Kabla ya kumwita mpima, warithi na watembee shambani siku ya mvua, waone maji yapita wapi. Mipaka na ifuate matuta. Mkondo na miti ya ukingoni vibaki vya shirika. Na atakaye kutoka awauzie kwanza washirika wake. Haya yanalihusu shamba la Kola na shamba la minazi la Pwani pia.

Twamwomba Mwenyezi Mungu asitujaalie kuwarithisha watoto wetu mawe matupu. Amin.