Jitu Likishaanguka, Kunabaki Nini?



Swali tunalowaletea safari hii hatukulipata kanisani wala darasani. Tulilipata kwenye meza ya chakula, kwa mjukuu wetu, kijana wa miaka 17, tulipokwenda kukaa na binti yetu katika mji wa Minneapolis, huko Marekani. Yalikuwa majira ya baridi, theluji imefika magotini, na mwanamke wa umri wetu hatoki nje ovyo. Kila Jumamosi jioni walikuja vijana watano, wakavua viatu mlangoni, wakatuamkia kila mmoja kwa desturi ya kwao, kisha wakaizunguka ile meza na kubaki hapo hadi usiku mwingi. Hawakuwa na karata wala bao. Walikuwa na karatasi, penseli, na dadu za rangi mbalimbali.

Tulipouliza, tukaambiwa mchezo huo huitwa Dungeons & Dragons. Kwa faida ya wale wasioufahamu, hebu tuueleze kwa ufupi. Ulitungwa na Wamarekani wawili: Gary Gygax wa Lake Geneva, katika jimbo la Wisconsin, na Dave Arneson, aliyekuwa akicheza na wenzake huko huko Minneapolis na St. Paul, mji wake pacha. Ulichapwa mara ya kwanza mwaka 1974. Kila mchezaji hujitungia mhusika wake, kama tunavyosema katika somo la fasihi: askari, mchawi, kuhani, mwizi, na kadhalika. Mmoja wao hana mhusika wake mwenyewe. Huyo ndiye msimamizi, naye husimulia: "Mmefika mlangoni mwa pango. Ndani mnasikia mtu analia. Mtafanya nini?" Wenzake hujibu, na pale ambapo jambo laweza kufaulu au kushindikana, hutupa dadu yenye pande 20. Anayefaulu mara nyingi hupanda daraja. Kwa kanuni zilizotolewa mwaka 2014, madaraja ni 20.

Twajua kwamba katika miaka ya 1980 Wakristo wengi wa Marekani waliulaumu mchezo huu kwa ajili ya wachawi na mashetani wanaotajwa humo. Hatuwacheki wazazi wale, maana kila mzazi ana haki ya kuuliza mtoto wake anacheza nini. Lakini sisi tuliokaa jikoni tukisikiliza Jumamosi baada ya Jumamosi, hatukusikia mtu akimwomba shetani kitu. Tulisikia vijana wakisimuliana hadithi, kama sisi tulivyosimuliwa hadithi za mazimwi. Jambo lililotusumbua lilikuwa jingine kabisa.

Usiku mmoja wageni walipoondoka, mjukuu wetu alibaki ameshika tama. Tukamtania, kama ilivyo desturi ya bibi na mjukuu: "Vipi mume mdogo, nani kakuudhi?"

"Bibi," akasema, "hawashindwi tena."

Akatueleza. Walikuwa wamecheza hadithi ile ile kwa muda wa miaka miwili. Mwanzoni, wahusika wakiwa daraja la kwanza, panya wanne wakubwa ghalani nusura wawaue wote. Sasa wamefika daraja la 17. Mchawi wao aweza kuruka kutoka nchi hadi nchi kwa kufumba na kufumbua. Kuhani wao aweza kumfufua hata mtu aliyekufa miaka 200 iliyopita. Tena mchawi yule amefikia uwezo unaoitwa Ombi, ambao kwa huo aweza kutamka karibu lolote alitakalo nalo likawa. "Nikiwaletea joka, linakufa kabla halijafungua kinywa. Nikileta mawili, wanacheka. Nifanye nini, Bibi?"

Majoka hatuyajui. Lakini taabu yake tuliijua, kwa kuwa tuliionja tukiwa na cheti cha ualimu kingali kibichi mkononi. Tulikuwa na mvulana wa darasa la tano aliyemaliza hesabu kabla sisi hatujaweka chaki chini. Tukampa hesabu kumi zaidi. Akazimaliza. Tukampa ishirini, ndefu kuliko zile. Akazimaliza, akasinzia. Ndipo tukamkataza kunyosha mkono, ili wengine nao wapate nafasi. Haukupita mwezi tukagundua kwamba anawauzia wenzake majibu kwa maembe. Tukamchapa mbele ya darasa. Ilituchukua miaka mingi kukiri kwamba kosa la kwanza lilikuwa letu. Mtoto alikuwa na nguvu, nasi hatukumpa kazi yoyote iliyozistahili nguvu zake. Basi akazitafutia soko.

Wasimamizi wa mchezo huu hupotea katika njia zile zile tulizopotea sisi. Njia ya kwanza ni kuongeza ukubwa wa jitu. Leo jitu moja, kesho kumi, keshokutwa mfalme wa majitu. Hizo ni zile hesabu ishirini. Hapana jipya ndani yake. Njia ya pili ni kuwapokonya wachezaji uwezo wao kwa hila: mara mahali hapa uchawi haufanyi kazi, mara upanga umeibwa usiku. Huko ni kumkataza mtoto kunyosha mkono. Aliufanyia kazi uwezo ule kwa miaka miwili. Kwa haki gani tumnyang'anye kwa sababu tu umetushinda sisi? Njia ya tatu ni kugawa zawadi bila kipimo ili kila mtu afurahi. Hiyo ilionekana tangu zamani. Mwaka 1976 kilipotoka kitabu cha mchezo huu kiitwacho Gods, Demi-gods & Heroes, mhariri wake, Timothy Kask, alilalamika katika dibaji juu ya wasimamizi wa aina hiyo, ambao wahusika wao walikuwa wamepita hata daraja la 40.

Gygax mwenyewe alijaribu njia nyingine. Mwaka 1975 alipeleka kwenye mashindano hadithi ya kaburi lililojaa mitego, Tomb of Horrors, iliyochapwa mwaka 1978. Ilikusudiwa kuwapima wachezaji hodari. Humo upanga hausaidii sana, na mwenye papara hufa kwa kugusa asichokijua. Ni mtihani mzuri wa akili. Lakini akili nayo ni nguvu mojawapo, na mwenye kuushinda mtego hutoka akiwa mtu yule yule aliyeingia.

Basi mwenye nguvu apimwe kwa kitu gani? Tukamkumbusha mjukuu wetu habari za Daudi. Watoto wote wa shule ya Jumapili wanamjua Daudi wa kombeo, kijana mdogo mbele ya Goliathi. Hapo swali lilikuwa moja tu: je, ataweza? Lakini jitu likaanguka, miaka ikapita, Daudi akawa mfalme ambaye hapana wa kumzuia. Jioni moja akatembea juu ya dari la nyumba yake, akamwona mke wa Uria. Hapo hakuna aliyeuliza kama ataweza. Kuweza aliweza, na hilo ndilo lililokuwa hatari. Aliyeshinda jitu kwa jiwe moja alianguka jioni ile pasipo adui yeyote kumgusa. Naye Nathani alipotumwa kwake, hakwenda na upanga. Alimsimulia hadithi ya tajiri mwenye kondoo wengi na maskini mwenye kondoo mmoja, kisha akamwacha mfalme atoe hukumu kwa kinywa chake mwenyewe.

Tuonavyo sisi, jibu ni hilo. Mnyonge hupimwa kwa lile asiloliweza. Mwenye nguvu hupimwa kwa lile aliwezalo. Msimamizi mwenye hekima hafungi mikono ya wachezaji hodari. Huwaletea jambo ambalo mikono yao ni mirefu ya kulifikia, kisha huwaacha waamue kama wataligusa. Hata kanuni za zamani zililihisi jambo hili. Mwaka 1984 Frank Mentzer alitoa kitabu cha wahusika wa daraja la 15 hadi la 25, na humo shujaa hupewa nchi ya kutawala. Huhesabu kaya zake, hukusanya kodi, na nchi hupewa alama za kuonyesha watu wake wana imani naye kiasi gani. Hapo si joka linalompima tena. Ni mkulima.

Jumamosi iliyofuata mjukuu wetu aliwarudisha wenzake katika kile kijiji cha panya wa ghalani. Kulikuwa na ukame. Watu wa juu ya mto wamejenga bwawa, na bila bwawa hilo mashamba yao yatakufa. Watu wa chini ya mto watoto wao wana kiu. Wote wanasema kweli. Wote wanawaomba mashujaa waamue.

Mwenye askari hakungoja. "Navunja bwawa," akasema. Msimamizi hakumtaka hata atupe dadu. Bwawa likavunjika. Watu wa juu hawakupigana, walipiga magoti. Mashujaa wakawauliza wazee, "Je, tumeamua vema?" Wazee wakajibu, "Ndiyo, mabwana." Wakawauliza watu wa chini, nao wakajibu hivyo hivyo. Lolote walilouliza, jibu lilikuwa ndiyo, mabwana. Msichana mmoja, ambaye kwa muda wote tulioketi pale hatukuwahi kumsikia akisema zaidi ya maneno matatu, akatazama karatasi yake, akasema, "Wanatuogopa. Hakuna atakayetuambia kweli tena." Meza nzima ikanyamaza.

Ndipo wote wakamgeukia mchawi: atumie Ombi lake, mvua inyeshe kila mwaka katika bonde lile. Kanuni ya mwaka 2014 yasema kwamba anayetaka jambo kubwa kupita kawaida kwa njia ya Ombi, kuna uwezekano wa asilimia 33 kwamba hataweza kulitumia tena maisha yake yote. Tulidhani kijana anaogopa hasara hiyo. Sivyo. Alisema, "Mvua ikitoka kwangu kila mwaka, watu hawa watakuwa wangu." Mwenzake akamjibu kwa hasira, "Na mtoto afe kwa kiu kwa sababu wewe hutaki kuwa bwana wake?" Walibishana hadi saa sita ya usiku, na dadu haikutupwa hata mara moja. Sisi, kwa kuwa tumelea, tulikuwa na maoni yetu: walete kwanza mvua ya siku moja, ambayo wanayo bila gharama, watoto wanywe, halafu wakae chini na pande zote mbili, siku tatu ikibidi, wasikilize bila kushika silaha. Lakini hatukuulizwa, na ilikuwa vema tusiulizwe.

Msomaji mmoja atasema: huu ni mchezo tu. Vijana hawa wiki nzima wanaamrishwa na walimu na wazazi. Waacheni wawe na nguvu walau Jumamosi. Twakubali. Hatupendi mchezo unaogeuka kuwa mahubiri. Joka nalo lije, lianguke, wapige makofi, kwani furaha ya kuweza jambo uliloshindwa jana ni furaha halali. Twasema tu kwamba furaha hiyo peke yake haidumu. Mjukuu wetu hakushika tama kwa kuwa wenzake walishindwa. Alishika tama kwa kuwa walikuwa wakishinda bila kujali wanashinda nini.

Lakini kuna jambo moja zaidi, na msomaji mwangalifu huenda ameliona mbele yetu. Pale mezani mwenye nguvu kupita wote hakuwa mchawi. Alikuwa msimamizi. Akisema mlima umeanguka, umeanguka. Anaweza kuwaua wote kwa neno moja na hapana dadu ya kumzuia. Isitoshe, mjukuu wetu alikuwa ameandika kurasa nne juu ya mambo yatakayotokea baada ya Ombi, na alizionea fahari. Alitusomea mchana ule. Mchawi alipokataa, kurasa zile zikawa kazi bure. Angeweza kumlazimisha. Neno dogo tu, mathalani mtoto mmoja kuzirai mbele yake, lingetosha. Tulimwona akizitazama karatasi zake. Kisha akazigeuza kifudifudi, akasema, "Haya, endeleeni."

Tulikumbuka maembe ya yule mvulana, na fimbo yetu. Siku ile darasani, mwenye nguvu aliyekuwa akipimwa hakuwa yeye.

Tulipokuwa wanafunzi tulikariri kwamba cheo ni dhamana. Tulikariri kwa sauti kubwa, bila kujua kwamba neno lile litatudai sisi wenyewe: siku tutakapokuwa na chaki na fimbo, na watoto arobaini na watano wasioweza kutujibu. Wengi wetu tunaosoma gazeti hili tuna daraja fulani. Mmoja ni baba wa nyumba, mwingine mwenyekiti wa kikundi, mwingine mzee wa kanisa, mwingine mwalimu mkuu. Majitu yetu ya ujana yamekwisha kuanguka, na nyumbani au kikaoni hapana wa kutushinda kwa hoja.

Basi twaomba kila mmoja ajiulize jioni moja, akiwa peke yake: ni lini mara ya mwisho mtu aliye chini yangu aliniambia hapana, nami nikazigeuza karatasi zangu kifudifudi, nikamwacha aendelee?