Toleo la Miezi Tisa

Shule ninayoisimulia haimo katika orodha ya shule za Bunda. Nimeitunga ili nisimfedheheshe mtu. Tarehe sikuzitunga, na mkasa wenyewe umo ndani ya tarehe.

Ilikuwa sekondari ya kata, kando ya barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma. Januari 2020, shule zilipofunguliwa, ilipokea kompyuta 20 za mtumba kutoka kwa wafadhili wa ng'ambo. Zilikuwa zimetumika ofisini huko zilikotoka, diski zake zimefutwa, hazina mfumo endeshi wowote. Fedha za kununua leseni za Windows hazikuwepo. Kijana mmoja aliyekuwa akifundisha kwa kujitolea akasema hakuna haja ya leseni: kuna programu huria, kuna Linux, kuna Ubuntu, na yote ni bure. Alisema kweli. Akapakua usiku kwa bando lake mwenyewe, akaweka kwenye flashi, na wiki haikuisha kabla kompyuta zote 20 hazijawaka. Mkuu wa shule akampongeza mstarini mbele ya wanafunzi wote.

Kwenye ukurasa wa kupakua aliwekewa matoleo mawili ya Ubuntu: 18.04, la Aprili 2018, na 19.10, la Oktoba 2019. Akachukua jipya. Nani angemlaumu? Dukani hatuombi simu ya mwaka juzi wakati ya mwaka huu ipo, tena kwa bei ileile. Chini ya kila toleo palikuwa na mstari unaotaja mwisho wa matunzo yake: 18.04 hadi Aprili 2023, 19.10 hadi Julai 2020. Mstari huo haukumshughulisha.

Ubuntu hutoka mara mbili kwa mwaka, Aprili na Oktoba. Toleo la Aprili la kila mwaka wa pili, yaani miaka ya shufwa, hutunzwa kwa miaka 5: likigundulika tundu la usalama, wahusika huliziba na kutuma sasisho. Matoleo mengine yote hutunzwa kwa miezi 9 tu. Hayo ni ya wenye haraka, watu wanaopenda kuonja kipya na wako tayari kuhama kila nusu mwaka. Hayakukusudiwa chumba cha kompyuta ambacho mwalimu mmoja anakitunza baada ya vipindi vyake 28 vya hisabati.

Tarehe 17 Machi 2020 Serikali ikazifunga shule kwa sababu ya korona. Chumba kikapigwa kufuli. Wanafunzi walirudi tarehe 29 Juni, na kabla hawajatimiza wiki tatu darasani, tarehe 17 Julai, matunzo ya 19.10 yakafika mwisho. Katika miezi 9 ya toleo lile, karibu mitatu ilipita kabla halijafika Bunda na mingine zaidi ya mitatu ikapita nyuma ya kufuli.

Hakuna aliyegundua kitu. Kompyuta ziliendelea kuwaka na wanafunzi waliendelea kuchapa barua zao za mazoezi. Kijana alipata ajira Mwanza, akaaga, akaondoka na maarifa yake kichwani.

Mambo yalikuja kudhihirika katikati ya 2021, wakati wa mitihani ya majaribio ya kidato cha nne. Shule ilikuwa imepata printa, na printa ilihitaji programu yake. Mwalimu wa hisabati, aliyerithi funguo za chumba, akaiagiza kompyuta ikaitafute programu hiyo kwenye ghala la Ubuntu. Mistari ikaanza kushuka kwenye skrini, na kila mstari ukarudi na jibu lilelile: 404, hakipo. Akajaribu kompyuta ya pili, ya tatu. Akadhani bando limeisha, akanunua jingine. Jibu halikubadilika.

Siku ya Jumamosi akapanda basi na mashine moja mapajani, akaenda Musoma kwa fundi wa Nyasho.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwalimu. Leta nimwone mgonjwa." Fundi akaiwasha, akaandika amri moja, akaguna. "Hii mlibandikiwa na nani?"

"Kuna kijana alikuwa anajitolea."

"Alikuwa na moyo mzuri. Sasa sikiliza, mura. Ghala lenu lilishahamishwa. Toleo likimaliza muda, vitu vyake vinaondolewa kwenye ghala kuu na kupelekwa kwenye ghala la kumbukumbu."

Akafungua faili moja la maandishi, akafuta anwani ya zamani, akaandika old-releases.ubuntu.com mahali pake. Baada ya dakika chache programu ya printa ikashuka.

"Mitihani mtachapa," alisema. "Ila huko tulikochukua hakuongezwi kitu tena. Tundu litakalogundulika kesho, kwenu litabaki wazi. Wekeni 20.04, hilo lina mpaka 2025."

Ikabidi kazi ya wiki moja irudiwe upya. Faili la kusakinishia lilikuwa na karibu GB 3, likapakuliwa mara moja Musoma na kubebwa kwa flashi. Kompyuta moja ilifutwa kabla haijanakiliwa, ikaondoka na alama zote za kidato cha tatu. Walimu wakakaa jioni mbili wakizinakili upya kutoka kwenye karatasi, na jina la yule kijana halikutajwa tena kwa wema.

Kosa ni la nani? Wapo wanaosema ni la jumuiya za programu huria: zinapenda mapya mno, zinawatupa maskini njiani. Mimi siwalaumu kwa hili. Tarehe ilitangazwa kabla kijana hajabonyeza kitufe, na mwisho ulikuja mwezi uleule uliotangazwa. Hata ghala la kumbukumbu waliliacha wazi, jambo ambalo hawakulazimika kulifanya.

Halafu tujiulize nani anayetunza toleo la zamani. Tundu likizibwa kwenye toleo jipya, lazima mtu akae, aichukue ile ziba, aikate upya iingie kwenye programu ya miaka mitano iliyopita, aijaribu, kisha aitume. Kazi hiyo haina sifa wala haina anayeishangilia. Debian, mradi ulioanzishwa 1993 na kuendeshwa na watu wa kujitolea hadi leo, ulipotaka mwaka 2014 kufikisha matunzo miaka 5, ilibidi yapatikane makampuni ya kulipia watu wa kuifanya. Mwaka 2023 watunzaji wa kiini cha Linux walitangaza kupunguza matunzo ya muda mrefu kutoka miaka 6 hadi 2, na uchovu wa watunzaji ulikuwa miongoni mwa sababu. Uchovu huo si wa kubeza. Machi 2024 iligundulika kwamba programu ndogo ya kubana mafaili, xz, imepandikizwa mlango wa siri. Ilikuwa ikitunzwa kwa miaka na mtu mmoja, Lasse Collin wa Finland, bila malipo. Watu wasiojulikana walimsukuma kwa malalamiko kwamba anachelewa, mpaka akamkaribisha msaidizi aliyejiita Jia Tan, na huyo msaidizi ndiye aliyeupandikiza. Andres Freund, mhandisi aliyekuwa akichunguza kwa nini kuingia kwenye mashine kunachukua nusu sekunde zaidi, ndiye aliyeufichua.

Katika mkasa huo matoleo ya zamani ndiyo yaliyosalimika. Mlango ule ulikuwa kwenye xz 5.6.0 na 5.6.1, mapya kabisa. Debian thabiti na Ubuntu za muda mrefu hazikuwa zimeyafikia. Kwa hiyo anayedai kila mtu akimbilie toleo la mwisho kwa ajili ya usalama anasema nusu ya kweli.

Kitu cha zamani hudumu pale mwenye kukilipia anapokuwepo. Meli ya MV Butiama ilikaa miaka bila safari, na ikarudi majini 2020, kwenda Ukerewe, kwa sababu Serikali ilitoa mabilioni ya shilingi ya ukarabati. Programu nayo ni hivyohivyo. Canonical, kampuni iliyo nyuma ya Ubuntu, inatoa matunzo ya miaka 10 bure kwa mtu binafsi, lakini kwa kompyuta zisizozidi 5. Chumba chenye 20 kinahitaji bajeti.

Lawama yangu naielekeza kwingine. CentOS 8, mfumo mwingine wa Linux, ilitoka Septemba 2019, na waliokuwa wakiendesha seva zao kwa CentOS, vyuo, hospitali na kampuni ndogo duniani kote, walijua itatunzwa hadi 2029. Tarehe 8 Desemba 2020 likaja tangazo: mwisho ni 31 Desemba 2021. Zaidi ya miaka saba ikafutwa kwa tangazo moja, baada ya watu kuwa wameshahama na kujenga. Kampuni ya Red Hat ndiyo yenye CentOS na ilikuwa na haki ya kisheria kufanya hivyo. Haki ya kuaminiwa tena ni suala jingine, na miezi michache baadaye watu walikuwa wanahamia AlmaLinux na Rocky Linux, miradi iliyozaliwa kwa hasira ya tangazo hilo.

Linganisha na waliyoyafanya Let's Encrypt, shirika lisilo la faida linalotoa vyeti vya usalama vya tovuti bure. Novemba 2020 walieleza kwamba mwaka 2021 simu za Android za chini ya 7.1.1 zingeanza kukataa tovuti zenye vyeti vyao, kwa sababu cheti mama cha zamani kilikuwa kinaisha muda tarehe 30 Septemba 2021. Hizo zilikuwa karibu theluthi moja ya simu zote za Android. Wenye simu hizo ni watu gani? Ni mama mwenye duka Butiama aliyepewa simu na mwanawe baada ya mwanawe kununua nyingine. Lingekuwa jambo rahisi kumwambia mama huyo anunue mpya. Badala yake walirudi mezani, wakakubaliana na IdenTrust, wenye cheti kile cha zamani, na Desemba wakatangaza njia ya kuzibeba simu hizo kwa miaka mitatu zaidi. Muda huo walioutaja nao waliuheshimu, na 2024 wakaufunga baada ya simu za zamani kupungua sana. Mama wa Butiama aliendelea kusoma habari zake bila kujua kwamba kulikuwa na mjadala juu yake.

Basi ni miaka mingapi? Kwa jumuiya ya watu wa kujitolea, mitano inatosha, na kuwadai kumi bila kuwalipa ni dhuluma. Lakini saa huanza kuhesabu siku toleo linapotoka, wakati kompyuta ya mkoani Mara huanza kazi pale ya Ulaya inapostaafu. Miaka 5 ya Ulaya inaweza kuwa miwili Bunda. Anayeleta kompyuta ndiye anayepaswa kuufidia upungufu huo, kwa kulipia matunzo ya ziada au kuacha fungu la fundi wa kuhamisha toleo. Sanduku la mashine 20 bila fungu hilo ni msaada nusu. Tangu Oktoba 2025, Windows 10 ilipoachwa na Microsoft, kompyuta nyingi nzima zinaondolewa maofisini huko, na zitakuja.

Mkuu wa shule unayesubiri shehena hiyo, uliza kwanza tarehe ya mwisho, na uiandike kwenye daftari la mali karibu na namba ya kila mashine: Ubuntu 24.04, kwa mfano, ni 2029. Nanyi mnaotunza programu hizi, mkiona hamuwezi tena, punguzeni miaka ya toleo lijalo. Ya lile ambalo tayari liko Bunda, iacheni kama mlivyoiahidi.