Kula Bila Njaa

Kila Ijumaa asubuhi, kabla hata ya kupiga mswaki, natoa kalamu ya sindano kwenye friji, naizungusha hadi dozi yangu, najichoma tumboni upande ambao sikuchoma wiki iliyopita. Ni kazi ya dakika moja. Siku tano au sita zinazofuata sisikii njaa.

Sisemi nasikia njaa kidogo. Sisikii kabisa. Naweza kupita kibanda cha chapati pale steji ya Nanyuki saa mbili asubuhi, mafuta yakichemka, harufu imejaa njia nzima, na ni kama nimepita duka la matairi. Kama hujawahi kupigana na chakula, sidhani utaelewa utamu wa ukimya huo. Tangu nikiwa darasa la sita kichwa changu kilikuwa kama redio ya matatu: kimebaki nini kwenye sufuria, nani ameona nikiongeza, kesho naanza, kesho kutwa ndiyo naanza kweli. Sindano iliizima hiyo redio. Usiku wa kwanza nilipogundua kwamba nimesahau chakula cha jioni nililia, na yalikuwa machozi ya raha.

Mwezi wa pili nikaanguka. Kuanguka kwenyewe, kwenye ngazi za kazini, mafaili yakatawanyika. Tangu siku iliyotangulia nilikuwa nimekula nusu ndizi na chai ya rangi. Daktari aliyeniandikia dawa hakunigombeza. Aliniuliza tu nimekula nini wiki hiyo, na nikashindwa kutaja vitu vitano. Akasema: dawa imeondoa njaa, haijaondoa haja ya chakula.

Nimeibeba sentensi hiyo tangu siku ile. Sote tumefundishwa kujizuia. Nani aliwahi kutufundisha kula wakati hatutaki?

Wacha kwanza nieleze inavyofanya kazi, maana mtaani nasikia maajabu (kuna dada wa saluni aliniapia kwamba inayeyusha mafuta kama sabuni ya vyombo). Tukila, utumbo hutoa homoni inayoitwa GLP-1. Homoni hiyo huihimiza kongosho itoe insulini, huchelewesha chakula kutoka tumboni, na huupasha ubongo habari kwamba tumeshiba. Ile ya asili hudumu mwilini dakika chache tu. Semaglutaidi, dawa iliyomo ndani ya Ozempic na Wegovy, imetengenezwa kwa mfano wake lakini idumu: baada ya wiki moja hivi, nusu yake bado imo mwilini. Dawa ya kwanza ya ukoo huu ilitokana na sumu ya mjusi. Sitanii. Mwaka 1992 daktari John Eng wa New York alichapisha habari za kemikali aliyoipata katika sumu ya Gila monster, mjusi wa jangwani kule Marekani na Meksiko ambaye huweza kuishi kwa milo michache tu kwa mwaka. Kuna siku najiona binamu yake.

Kwa kuwa chakula hukawia tumboni, ukila kama zamani utajuta. Mimi nimejifunza kwa kutapika. Chipsi za kuogelea kwenye mafuta, hapana. Mutura, hapana, angalau siku mbili tatu baada ya sindano. Sahani yangu imekuwa ndogo na naianza na protini: yai la kuchemsha, ndengu, kipande cha kuku, glasi ya mala. Mtu akipungua haraka hapotezi mafuta peke yake, misuli nayo huenda, kwa hivyo kile kidogo ninachokula hakiruhusiwi kuwa cha ovyo. Mboga zinafuata, terere au sukuma, kwa sababu dawa hii inaweza kukufunga choo mpaka ukakumbuka dhambi zako za zamani. Maji nakunywa hata bila kiu. Waru na wali vinangoja mwisho, nafasi ikibaki. Nikisikia kifua kinabana kidogo naweka kijiko chini, hata kama kuna vipande viwili tu vilivyobaki. Mara tatu kwa wiki nanyanyua jerikeni za maji za lita tano sebuleni. Simu yangu ina kengele tatu kwa siku, na zote zimeandikwa neno moja: KULA.

Watu wananiambia nimepita njia ya mkato. Shutuma hiyo iliniuma, nikaanza kusoma. Aristotle, katika kitabu chake cha maadili, anatenganisha watu wawili. Mmoja anaitamani chapati ya tatu, anapigana na nafsi yake, anaikataa. Mwingine haitamani. Sisi tungempa makofi yule wa kwanza, kwa sababu ametoka jasho. Aristotle anamweka wa pili juu, kwa kuwa tamaa zake zenyewe zimekaa sawa. Niliposoma hapo nilifurahi sana. Kumbe kwa pesa inayozidi kodi ya nyumba yangu kwa mwezi nimenunua daraja la juu la maadili!

Furaha haikudumu. Mtu wake huyo bado anafurahia chakula, ila anafurahia kinachofaa, kwa wakati wake na kwa kiasi chake. Kuhusu mtu asiyefurahia chakula kabisa, Aristotle anasema hapatikani kwa urahisi, kiasi kwamba hata jina hana. Sasa tunapatikana. Wengine tuko Nanyuki.

Januari kanisa letu lilitangaza siku tatu za kufunga. Nikafunga, jambo ambalo kwa dawa hii halikuwa la busara, lakini ningeelezaje bila kujitoboa siri? Wenzangu walikuwa wanashika matumbo na kuhesabu saa. Mimi nilikuwa najibu barua pepe. Siku ya tatu mama mmoja wa kikundi cha maombi akasifu nguvu zangu za kiroho mbele ya watu, nikainamisha kichwa kama mnyenyekevu. Nilijisikia kama mtu aliyetoa sadaka pesa za kuokota.

Hayo nilimsimulia rafiki yangu wa Majengo kule Nyeri, Mwislamu, ambaye hufunga mwezi mzima kila mwaka bila kutangaza. Aliniambia kwao saumu haipimwi kwa njaa. Kinachoifanya saumu ni nia. Bila nia, umeshinda na njaa tu kama mtu aliyekosa chakula. Tukaendelea na hadithi nyingine, lakini neno lake lilinikaa. Kama nia ndiyo inayotofautisha kufunga na kukosa, basi hata kula kuna kula kwa nia na kuna kula kwa kusukumwa. Miaka yote hiyo njaa ndiyo iliyokuwa inanilisha. Sikuwahi kuamua kula yai maishani mwangu. Sasa kila yai ni uamuzi, na uamuzi unahitaji sababu. Nakula kwa ajili ya nani?

Mama yangu anaishi nje kidogo ya Karatina. Huniita maitu, yaani mama yangu, kwa sababu nimepewa jina la mama yake, kama desturi yetu ilivyo. Jumapili moja, mwezi wa tatu wa dawa, nilishuka na matatu kutoka Nanyuki nikamkuta amepika njahi. Hizo si maharagwe ya siku yoyote tu. Kwetu hupikiwa mwanamke aliyejifungua, huletwa kwenye sherehe, na mama alikuwa ameamka alfajiri kuziweka jikoni. Siku mbili tu zilikuwa zimepita tangu nijichome. Harufu ilinipanda kooni.

"Nimekula Chaka," nikasema.

"Nani hula Chaka akija kwa mamake?"

Nikapokea sahani. Alipotoka kuangalia kuku, nikazifunga njahi kwenye karatasi, nikatia kwenye mkoba. Aliporudi akaona sahani tupu, akafurahi. Nilipofika Kiganjo nikarusha lile furushi kupitia dirishani.

Yule niliyebeba jina lake asingenisamehe. Shosho alikuwa mtoto wakati wa ng'aragu ya mianga, njaa ya mwaka 1943 iliyopewa jina la mihogo. Miaka hiyo ya vita, hapo Karatina palikuwa na kiwanda cha kukausha mboga za kulisha wanajeshi. Kisha ikaja Hali ya Hatari. Kuanzia mwaka 1954 serikali ya kikoloni ilihamisha zaidi ya watu milioni moja na kuwafungia katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki, wanawake wakiruhusiwa saa chache tu kwenda shambani kutafuta cha kupika. Shosho hakuwa na hadithi ndefu juu ya mambo hayo. Alikwangua sufuria. Mpaka alipofariki alikula ukoko wa kila chungu, na mtu akibakisha chakula alikaa mbele yake bila kusema neno mpaka amalize. Tuna methali isemayo aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Mimi nilikuwa nimezidi hapo: nilikuwa nimeinunulia njaa tiketi iondoke, halafu nikatupa chakula cha waliokaa nayo bila kuialika.

Wiki tatu baadaye nilirudi na kalamu ya sindano mkononi, nikaiweka mezani.

Mama aliishika akaigeuza. "Kwani una sukari?"

Yeye ndiye mwenye sukari. Mwaka wa tisa huu anameza vidonge na kwenda kliniki na kadi yake. Nilimwambia sina, ni ya kupunguza uzani. Akauliza bei. Nikataja. Akaangalia moto kwa muda.

"Na si hii ni dawa ya sukari?"

Ni dawa ya sukari. Marekani iliidhinisha Ozempic Desemba 2017 kwa ajili ya kisukari cha aina ya pili. Wegovy, dawa ileile kwa dozi kubwa zaidi, iliidhinishwa Juni 2021 kwa ajili ya uzani, na baadaye dunia nzima ikaanza kupungukiwa huku wenye kisukari wakizunguka kuitafuta. Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani liliitia semaglutaidi kwenye orodha ya dawa muhimu kwa baadhi ya wagonjwa wa kisukari. Orodha hiyo haijafika kwenye dirisha ambalo mama yangu hupanga foleni. Utetezi wangu ni kwamba uzani wangu ulikuwa unanipeleka moja kwa moja kwenye foleni hiyohiyo, na daktari anakubali. Nimeurudia mara nyingi. Bado mama akimeza kidonge chake, natazama pembeni.

Nikamwambia pia juu ya njahi za Kiganjo. Hilo lilimuuma kuliko bei. Hakunitukana. Alisema tu, "Ungeniambia. Ningekuwekea kidogo." Nami miezi yote hiyo nilidhani namlinda kwa uongo wangu. Nilikuwa najilinda mwenyewe dhidi ya kuulizwa.

"Na ukiacha?" akauliza baadaye.

Katika utafiti mkubwa wa dawa hii, mwaka mmoja baada ya kuacha, watu walikuwa wamerudisha karibu theluthi mbili ya uzani walioupoteza. Nikamwambia njaa hurudi.

"Basi haijaenda mbali," akasema, akacheka.

Akachukua kisahani cha chai, kile cha kuwekea kikombe, akaniwekea vijiko vitatu vya njahi na kipande cha parachichi. Nilikula nusu saa nzima. Sikuwa na njaa hata chembe. Alinisimulia habari za jirani aliyeuza ng'ombe, na nilimaliza kisahani. Zilizobaki akazifunga kwenye kopo. "Utakula siku itakapokuja," akasema, kana kwamba njaa ni mjomba anayefanya kazi Mombasa.

Huja Alhamisi. Wiki ikiisha dawa hulegea, na usiku ule, saa tatu hivi, nikasikia tumbo linanguruma. Nilikuwa karibu kulisahau hilo tumbo. Nilipasha njahi kwenye sufuria ndogo, moto ukazidi kidogo zikashika chini. Nikala nimesimama jikoni, kisha nikachukua kijiko nikakwangua ukoko.

Asubuhi ilikuwa Ijumaa. Nikafungua friji.